AHMAD BIN NAAMAN: NAHODHA ALIYEFIKA NEW YORK MWAKA 1840



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyeitiisha bahari ikabeba vyombo vya waja wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kusoma habari za masheikh na maimamu. Mara hii tumeona tuwaletee habari za Mwislamu aliyekuwa karani, mjumbe na nahodha. Jina lake ni Ahmad bin Naaman al-Kaabi. Huyu ndiye aliyeongoza merikebu ya Sultanah kutoka Unguja hadi New York, Marekani, mwaka 1840, akawa miongoni mwa wajumbe wa mwanzo wa dola za Kiarabu kufika nchi ile.

Huenda mwanafunzi wa Mugumu, Nyamongo au Sirari akauliza: sisi watu wa ng'ombe, mahindi na milima, bahari inatuhusu nini? Jibu ni kwamba Ziwa Victoria liko karibu nasi. Wengi tuna jamaa Musoma na Shirati, na tunapokwenda kuwatembelea tunaona mitumbwi ya tanga na tunapanda vyombo vya majini. Pia kila mmoja wetu atasafiri siku moja, kwa masomo, kwa biashara au kwa Hija. Habari za Ahmad bin Naaman zinafundisha jambo moja kubwa: safari ndefu hufaulu au huharibika bandarini, kabla tanga halijapandishwa.

ALIKUWA NANI?

Ahmad bin Naaman alizaliwa mnamo mwaka 1784. Asili yake ni Bani Kaab, kabila la Waarabu wa upande wa Ghuba. Alikuwa mtu wa kalamu na mtu wa bahari kwa pamoja. Alimtumikia Sayyid Said bin Sultan akiwa karani wake, yaani mwandishi wa barua na mtunza hesabu, na alikuwa amekwisha kusafiri nchi za mbali kabla ya safari hii tunayoieleza.

Sayyid Said alitawala Oman na pwani ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1806 hadi alipofariki mwaka 1856. Mwaka 1832 alianza kuhamishia makao yake Unguja. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi wake mdogo Unguja, mfanyabiashara aliyeitwa Richard Waters. Meli za Wamarekani, hasa kutoka mji wa Salem, zilikuwa zikija Unguja kununua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Wao walileta nguo za pamba. Nguo zile ndizo babu zetu walizoziita merikani, na jina hilo lilipanda na misafara mpaka nchi za maziwa.

Sayyid Said akafikiri: kama wao wanaweza kuja kwetu, kwa nini sisi tusiende kwao na mali yetu wenyewe, tukauze kwa bei ya kwao na kununua kwa bei ya kwao? Fikra ilikuwa nzuri. Lakini ilihitaji chombo, watu na mtu wa kuaminiwa kuwaongoza. Aliyechaguliwa kwa kazi hiyo ni Ahmad bin Naaman, naye alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 50.

MERIKEBU YENYEWE

Sultanah ilikuwa merikebu ya mbao yenye milingoti mitatu, iliyoundwa Bombay, India, na kuwekwa mizinga kama ilivyokuwa desturi ya zama zile. Ukubwa wake ulikuwa kama tani 300. Kwa leo hicho ni chombo kidogo. Meli zinazotia nanga Dar es Salaam siku hizi ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Hata hivyo chombo hicho kidogo ndicho kilichotakiwa kuvuka Bahari ya Hindi, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini kabisa mwa Afrika, kisha kupanda Bahari ya Atlantiki hadi Marekani.

Kwa faida ya wanafunzi ambao hawajapata kuona jahazi likitengenezwa, tueleze kidogo jinsi chombo cha mbao kinavyotayarishwa. Kwanza hupandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ili yakitoka kibaki mchangani. Mafundi huukagua mwili wake ubao kwa ubao, kwa sababu wako wadudu wa baharini wanaotoboa mbao kama mchwa wanavyokula nguzo za nyumba. Mianya baina ya mbao hutiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta, ikagongwa mpaka ikaziba. Sehemu ya chini hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kisha hukaguliwa milingoti, foromali inayobeba tanga, kamba zote, sukani, na nanga pamoja na amari yake. Tanga la akiba huwekwa, na kamba za akiba pia, kwani katikati ya bahari hakuna duka.

Baada ya chombo, maji. Tufanye hesabu pamoja. Mabaharia wa Sultanah walikuwa wapatao 56. Tukikadiria kila mtu lita 3 tu kwa siku za kunywa na kupikia, kwa siku 80, tunapata lita 13,440. Hayo ni mapipa 67 ya lita 200 na yanabaki maji kidogo. Hapo hatujahesabu farasi wawili waliokuwamo, ambao tutawataja mbele. Sasa mwanafunzi anaweza kuelewa kwa nini dini yetu nyepesi imeruhusu udhu kwa maji ya bahari, na kwa nini ruhusa hiyo ni neema kubwa kwa baharia. Maji matamu yalibaki kwa kunywa, na ibada haikusimama.

Baada ya maji, chakula. Chakula cha safari ndefu lazima kiwe kile kisichooza upesi: mchele, nafaka, samaki mkavu, samli na tende. Zama hizo mabaharia wengi wa mataifa mbalimbali walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba na kutoka damu kwenye fizi unaotokana na kukosa matunda na mboga. Ndimu chache kwa wiki zilitosha kumwokoa mtu. Hivyo kusahau kapu la ndimu kunaweza kuua watu sawa na kusahau nanga.

SHEHENA NA ZAWADI

Sultanah iliondoka Maskati mwishoni mwa mwaka 1839 ikasukumwa na kaskazi hadi Unguja. Ilikuwa imepakia mifuko 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Uajemi na marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Unguja ikaongezwa pembe za ndovu 108, makasha 81 ya sandarusi, mifuko 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000.

Kila bidhaa ilikuwa na kazi yake huko ilikokwenda. Pembe zilichongwa vitana na vidude vya kubonyeza vya piano. Sandarusi ilitengenezewa vanishi ya kung'arisha mbao. Ngozi zilikuwa za viatu. Sisi wa Mara ambao ngozi ya ng'ombe wetu mara nyingi huishia kutupwa au kuuzwa kwa bei ya chini, tuna jambo la kujifunza hapo.

Lakini haki inatudai tuseme ukweli wote. Utajiri wa Unguja wa zama zile ulikuwa na upande wa giza. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa, na pembe zilitoka bara zikiwa vichwani na mabegani mwa watu, wengine wapagazi wa ujira na wengine watumwa. Waliochukuliwa walikuwa watoto wa watu kama sisi. Kumsifu nahodha kwa ujasiri na uaminifu wake hakutufanyi tuisahau dhuluma hiyo, wala dhuluma haigeuki kuwa halali kwa sababu ilifanywa na watu wenye majina yanayofanana na yetu.

Pamoja na biashara, Ahmad alibeba zawadi za Sayyid Said kwa Rais wa Marekani, Martin Van Buren. Kulikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali ya Kashmir, zulia la Uajemi, marashi ya waridi na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Vyote hivyo vilitakiwa kufika vikiwa salama, havikuibiwa wala kulowa. Mtu mmoja alikuwa na dhamana ya roho za watu, mali ya wafanyabiashara, heshima ya mtawala wake na farasi wawili hai.

ELIMU YA NJIA

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Chombo kilikuwapo, mali ilikuwapo, mabaharia walikuwapo. Lakini nani angejua njia ya Atlantiki?

Wahenga wetu katika bahari hawakuwa wajinga. Miaka kama 350 kabla ya Sultanah, mwanachuoni wa bahari Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Kitab al-Fawaid, mnamo mwaka 1490. Alieleza nyota, pepo, misimu, pwani na alama zake. Aliwausia marubani wakikague chombo kingali nchi kavu na kuzijua kasoro zake, wachunguze kamba na watu, wasikilemeze kwa shehena, wasitoke nje ya msimu, na wawe wavumilivu na wapole kwa abiria. Aliihesabu elimu hiyo kuwa inamsaidia Mwislamu kujua kibla. Marubani wa zama zake walipima urefu wa nyota kutoka upeo wa bahari kwa kibao kidogo chenye kamba kiitwacho kamali. Nyota ya kaskazini ikishuka, wakajua wanakwenda kusini. Ikipanda, wanakwenda kaskazini.

Ilipofika karne ya 19 mambo yalikuwa yamebadilika. Wazungu walikuwa na saa maalumu za baharini, ramani zilizochorwa upya na vipimo vya jua vya kisasa. Kwa kupima jua saa sita ya mchana, rubani hujua yuko umbali gani kaskazini au kusini mwa mstari wa ikweta. Kwa kulinganisha saa ya mahali alipo na saa iliyotegwa kwa wakati wa bandari fulani, hujua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Watu wetu walikuwa mabingwa wa bahari yao, lakini elimu ya njia ile mpya hawakuwa nayo ya kutosha. Ikabidi kuajiri rubani wa kigeni, Mwingereza aitwaye William Sleeman.

Sleeman alikuwa na elimu ya njia, lakini alikuwa mlevi. Fikirini, ndugu wanafunzi: merikebu iko katikati ya bahari, watu zaidi ya 50 ndani yake, na mtu pekee aliyeajiriwa kwa ajili ya kuonyesha njia analewa. Maulamaa wetu wanatufundisha kuwa pombe imeharamishwa kwa sababu inaondoa akili. Katika Sultanah sababu hiyo ilionekana kwa macho, kwani akili ya mtu mmoja ilikuwa imebeba uhai wa wote.

Ahmad bin Naaman ndiye aliyebaki kuwa nguzo. Ilimbidi asimamie nidhamu, mali na zawadi, na wakati huohuo avumilie udhaifu wa mtu ambaye hakuweza kumwacha njiani.

SAFARI

Waliondoka Unguja mwezi wa Februari 1840. Kwa hesabu ya kalenda hiyo ilikuwa Mfunguo Tatu, yaani Dhul-Hijja ya mwaka 1255 Hijria, mwezi wa Hija na Iddi Kubwa. Wakati huo kaskazi bado inavuma, nayo huisukuma merikebu kuelekea kusini. Mtu angengoja hadi Mei angekutana na kusi usoni. Hivyo kuchagua siku ya kuondoka ni sehemu ya matayarisho, sawa na kukagua kamba.

Wakashuka kusini, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema penye mawimbi makubwa na baridi, wakaingia Atlantiki, wakavuka ikweta kwa mara ya pili kwenda kaskazini.

Tuzingatie jambo la kibla. Aliyeko Maskati huelekea magharibi. Akifika Unguja huelekea kaskazini. Sisi wa Tarime na Serengeti pia huelekea kaskazini, kwa kupinda kidogo mashariki. Aliyefika New York huelekea upande wa kaskazini mashariki. Basi baharia aliyetoka Maskati hadi New York kibla chake kilimzunguka kadiri alivyosafiri. Asiyejua jiografia angeswali akielekea kusikokuwa. Ndiyo maana tunawaambia wanafunzi wetu kwamba jiografia wanayofundishwa shuleni si somo la dunia peke yake.

Tarehe 30 Aprili 1840, mwishoni mwa mwezi wa Safar 1256, Sultanah ikaingia bandari ya New York. Ilikuwa safari ya zaidi ya miezi miwili na nusu kutoka Unguja.

NEW YORK

Watu wa New York hawakuwahi kuona merikebu kama hiyo na watu kama hao. Umati ulimiminika bandarini. Magazeti yaliandika habari zao. Kila walipotembea mabaharia walikodolewa macho kwa vilemba na kanzu zao. Katika hali kama hiyo, tabia ya watu wachache ndiyo huwa picha ya taifa na dini yao yote. Wengi hawakujua Unguja iko wapi, lakini kila mtu aliweza kuona kama wageni hawa ni waungwana au la.

Ahmad bin Naaman alijichukua kwa utulivu na heshima. Wakuu wa mji walimkaribisha, wakamtembeza sehemu mbalimbali na kumpandisha treni, chombo ambacho Afrika Mashariki ilikuwa bado haijakiona. Halmashauri ya mji ikaagiza achorwe picha na mchoraji Edward Mooney. Picha hiyo, yeye akiwa na kilemba na vazi la heshima la Kiomani, imehifadhiwa Marekani hata baada ya zaidi ya miaka 180.

Shehena iliuzwa kupitia kampuni ya Barclay na Livingston. Ahmad aliziandika hesabu zake kwa makini, na hesabu hizo zilihifadhiwa, wanahistoria wakaja kuzisoma baadaye. Kwa mali aliyouza alinunua nguo za pamba, shanga, vyombo vya kauri na bidhaa nyingine za kupeleka nyumbani.

Kuhusu zawadi kulitokea jambo la kuvutia. Katiba ya Marekani hairuhusu kiongozi kupokea zawadi ya mtawala wa nje bila idhini ya Bunge. Rais Van Buren hakuzichukua kuwa zake. Alilipelekea Bunge suala hilo, zikapokewa kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa, fedha zikaingia hazina ya serikali. Mwislamu akisikia hayo hukumbuka mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) juu ya mtumishi wa umma kutochukua zawadi kwa sababu ya cheo chake. Tunayo mafundisho hayo kwa zaidi ya miaka 1,400. Tujiulize tunayafuata kwa kiasi gani.

Nayo Sultanah ilifika ikiwa imechoka. Bahari ilikuwa imeitafuna, na isingeweza kurudi vile ilivyokuwa. Serikali ya Marekani ikaamuru itengenezwe katika karakana ya jeshi la wanamaji huko Brooklyn, bila malipo. Kwa hiyo matayarisho ya safari yalifanywa mara mbili, Unguja kwa kwenda na Brooklyn kwa kurudi. Zikatolewa pia zawadi za kumpelekea Sayyid Said, miongoni mwake mashua ya fahari.

Rubani naye akabadilishwa. Badala ya Sleeman aliajiriwa nahodha Mmarekani, Sandwith Drinker wa Philadelphia, ambaye aliandika kumbukumbu za safari ile. Ahmad hakurudia kosa la kwenda: alipopata nafasi ya kurekebisha, alirekebisha.

KURUDI NA MWISHO WAKE

Waling'oa nanga New York mwezi wa Agosti 1840. Ukihesabu kalenda utaona kuwa Ramadhani ya mwaka 1256 iliwakuta wakiwa bado safarini, kwani ilianza mwishoni mwa Oktoba. Dini imemruhusu msafiri kufungua na kulipa baadaye, na imempunguzia swala. Wenye safari za miezi mingi kama hawa ndio wanaojua thamani ya ruhusa hizo. Mwezi wa Desemba 1840 Sultanah ikarejea Unguja salama.

Ahmad bin Naaman aliishi karibu miaka 30 baada ya hapo. Alibaki kuwa mtu wa heshima Unguja, akashuhudia kufariki kwa Sayyid Said mwaka 1856 na utawala wa mwanawe Sayyid Majid. Alifariki mwaka 1869. Allah amrehemu na amsamehe.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Maandalizi ni sehemu ya kutawakali. Nabii Nuh (A.S.) aliamrishwa kuunda safina kabla ya gharika, si baada yake. Mwenye kusema anamtegemea Allah huku chombo chake kinavuja, hajatawakali bali amezembea.

2. Chombo kina kipimo chake. Hili kwetu watu wa Kanda ya Ziwa si hadithi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220, nacho kilikuwa kimebeba kupita uwezo wake. Watu hao walikuwa mita chache tu kutoka ufukweni. Wazazi wetu, mkiona mtumbwi umejaa, shukeni. Mkipanda, vaeni boya la kujiokolea na muwavishe watoto. Kuchelewa siku moja Musoma si hasara.

3. Tazama watu kabla ya kutazama mbao. Kamba iliyooza huonekana. Mtu aliyeoza kwa ulevi au hiana huonekana baada ya kuwa mbali na pwani. Anayechagua dereva, mshirika wa biashara au rafiki wa bweni na amkumbuke Sleeman.

4. Elimu usiyokuwa nayo utaikodi, na anayekodi hana uchaguzi. Umma uliomtoa Ahmad bin Majid ulifika mahali pa kumbeba mlevi kwa sababu yeye ndiye aliyejua vipimo. Hapana ubaya kujifunza kwa mgeni, na Drinker alikuwa mgeni pia. Ubaya ni kubaki kutojua kizazi baada ya kizazi. Wanafunzi wetu, hesabu, fizikia na jiografia ni kamali zenu. Zishikeni kama mnavyoushika msahafu.

5. Andika hesabu. Kalamu ya Ahmad ilimlinda. Mtu mwenye amana za watu asiyeandika hujitia katika shaka hata kama hajaiba.

6. Ugenini wewe ni ubalozi. Utakapokwenda kusoma Mwanza, Dar es Salaam au nchi za nje, watu wataitazama madrasa yako, wazazi wako na dini yako kupitia mwenendo wako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sultanah iliondoka Unguja mwezi gani, na kwa nini upepo wa mwezi huo ulifaa?
2. Kama mabaharia wangekuwa 70 na safari ya siku 90, kila mmoja akitumia lita 3 kwa siku, yangehitajika maji lita ngapi?
3. Taja mambo manne yanayokaguliwa katika chombo cha mbao kabla ya safari.
4. Kwa nini kibla cha msafiri wa Sultanah kilibadilika mara kwa mara?
5. Zungumza na mzazi wako: ni mambo gani mnayakagua nyumbani kwenu kabla ya kupanda chombo cha ziwani?

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi wasafiri wote wa nchi kavu, majini na angani, awarehemu waliofia ziwani na kuwapa subira jamaa zao, na awajaalie wanafunzi wetu elimu yenye manufaa pamoja na akili ya kuitumia. Aamin.

Wabillahi tawfiq.